Taa imewaka kwenye dashibodi? Soma rangi yake kabla hujampigia fundi

Dar es Salaam. Ni saa 12 jioni, Barabara ya Kilwa imejaa kuanzia Mtoni na magari yanasogea kidogo kidogo kuelekea Mbagala Rangi Tatu. Ndani ya Toyota yenye umri wa zaidi ya miaka 15, taa ndogo nyekundu yenye umbo la birika inawaka. Gari linatembea vizuri tu, halitoi moshi wala kelele. Dereva anaangalia foleni, anaangalia saa, anajiambia atafika nyumbani kwanza, fundi atamwona kesho.

Uamuzi huo wa sekunde chache ndio unaoamua kama kesho atanunua oili au atatafuta injini nyingine.

Magari mengi ya watu wa kawaida jijini yamekuja yakiwa yametumika Japan: Vitz, IST, Passo, Carina, Premio, Noah. Mengi yamefika na kitabu cha maelekezo cha Kijapani, au bila kitabu kabisa. Matokeo yake dereva anajifunza maana ya taa kutoka kwa fundi, na fundi mwenyewe wakati mwingine amejifunza kutoka kwa fundi mwingine. Hapo ndipo hela inapoanza kutoka bila sababu.

Anza na rangi

Kanuni ya rangi ni moja karibu kwa magari yote. Nyekundu inasema kuna hatari sasa hivi, tafuta sehemu salama usimame. Njano au rangi ya chungwa inasema kuna mfumo una hitilafu, gari linaweza kuendelea lakini lishughulikiwe mapema. Kijani na bluu ni taarifa tu, kama taa kubwa zimewashwa au injini bado ni ya baridi.

Kwa hiyo taa ya "check engine", ambayo huwatisha watu kuliko zote, mara nyingi si ya dharura. Taa nyekundu ya oili, ambayo wengi wanaichukulia poa kwa sababu gari bado linavuta, ndiyo inayoua injini.

Birika jekundu: zima injini

Taa ya oili haipimi kiasi cha oili kilichopo. Inapima msukumo, yaani kama pampu inaifikisha oili kwenye krenki, beringi na sehemu za juu za injini. Swichi yake imewekwa iwashe taa msukumo ukiwa umeshuka sana, karibu na kuisha kabisa. Ikiwaka wakati gari linatembea, maana yake chuma kinasugua chuma.

Hakuna "nifike pale sheli". Washa hazadi, sogea pembeni, zima injini. Subiri kama dakika tano gari likiwa sehemu tambarare, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza ya aina inayofaa injini hiyo mpaka ikae kati ya alama mbili. Washa. Taa ikizimika ndani ya sekunde chache na injini haigongi, nenda taratibu gereji ya karibu ukatafute oili inakopotelea. Isipozimika, zima tena na uite gari la kuvuta. Bei ya kuvutwa kutoka Mtoni hadi Mbagala haifanani na bei ya injini.

Kuna hali nyingine ambayo wenye magari ya zamani wanaijua: taa haiwaki barabarani, ila gari likiwa la moto na limesimama kwenye taa za barabarani, birika linaanza kukonyeza. Ukikanyaga mafuta kidogo linazimika. Inaweza kuwa oili imepungua, inaweza kuwa oili nyepesi mno au iliyochoka, inaweza kuwa beringi zimelika, na inaweza kuwa swichi yenyewe imekufa. Fundi akikimbilia kubadilisha swichi bila kupima, mwambie asubiri. Kipimo sahihi ni kufungua swichi hiyo, kufunga geji ya msukumo mahali pake na kusoma injini ikiwa ya moto. Ni kazi ya muda mfupi. Swichi mpya kwenye injini yenye msukumo mdogo ni sawa na kubadilisha betri ya saa ya ukutani wakati nyumba inaungua.

Joto: gari lisilo na mshale

Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa mbili tu: ya bluu injini ikiwa ya baridi, na nyekundu ikichemka. Katikati hakuna kitu. Dereva aliyezoea kuona mshale ukipanda polepole hapa hapati onyo la mapema, taa nyekundu ikiwaka gari tayari limechemka.

Ikiwaka, zima kiyoyozi na utafute pembeni haraka. Kama huwezi kutoka kwenye foleni papo hapo, washa hita ya ndani hadi mwisho na feni yake kwa nguvu. Utatokwa jasho, lakini hita inachukua joto kutoka kwenye maji ya injini. Ukishasimama, zima. Usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yaliyo ndani yako chini ya presha na yataruka usoni. Mpe angalau nusu saa, na usimwagie injini maji ya baridi ili kuiharakisha, kwa sababu silinda hedi ya aluminiamu inaweza kupinda au kupasuka.

Namna gari linavyochemka inakupa nusu ya jibu. Likichemka kwenye foleni lakini likitulia ukipata barabara wazi, anza kuishuku feni ya rejeta: mota yake, fyuzi, rilei au sensa inayoiwasha. Likichemka ukiwa kasi, ukielekea Bunju au Kongowe, shuku rejeta iliyoziba, maji yaliyopungua au wota pampu. Oili ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, au rejeta ikitoa mapovu injini ikiwa imewashwa, gasketi ya silinda hedi imeshaondoka.

Sasa kuna dawa moja ya mitaani ambayo inastahili kusemwa wazi. Gari likichemka, baadhi ya mafundi wanatoa themostati na kuitupa. Themostati ni kifaa kidogo kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka yafike joto la kazi, kwenye Toyota nyingi karibu nyuzi 82. Ukiitoa, gari linaweza kuacha kuchemka kwa muda, na mteja anaondoka anafurahi. Ila injini sasa inafanya kazi ikiwa ya baridi, inakunywa petroli zaidi, oili inachafuka haraka, na tatizo la kweli, iwe feni au rejeta iliyoziba, bado lipo palepale. Dalili yake ni rahisi: taa ya bluu inachelewa sana kuzimika, au inarudi ukiwa kwenye mwendo. Kwenye jiji lenye joto kama Dar, hiyo si kawaida hata kidogo.

Maji nayo yana mchango wake. Maeneo mengi ya jiji yanatumia maji ya kisima yenye chumvi, na hayo ndiyo yanayojazwa kwenye rejeta kwa sababu ndiyo yaliyopo. Chumvi inakula chuma na aluminiamu kutoka ndani na kuziba njia nyembamba za rejeta. Kulanti si mbwembwe za kuuziwa sheli, ina dawa ya kuzuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Kama hela hairuhusu kwa leo, bora maji yaliyochujwa kuliko ya kisima.

Betri nyekundu haimaanishi betri mbovu

Taa hii ikiwaka gari likiwa kwenye mwendo, inasema betri haichajiwi. Mara nyingi tatizo liko kwenye alternata, mkanda wake au waya, na betri mpya haitasaidia kitu. Gari litaendelea kutembea kwa umeme uliobaki. Usiku, ukiwa na taa kubwa, waipa na feni, umeme huo unaweza kuisha ndani ya nusu saa.

Lakini fungua boneti kwanza uangalie mkanda. Kwenye injini ya 1NZ, iliyoko kwenye IST, Premio, Allion na Corolla nyingi za cc 1500, mkanda unaozungusha alternata ndio huohuo unaozungusha wota pampu. Ukikatika, taa ya betri inawaka kwanza, na dakika chache baadaye gari linachemka. Anayejua hilo anasimama. Asiyejua anaendesha mpaka kwa fundi umeme, halafu anaambiwa na silinda hedi nayo imepinda.

Kupima ni rahisi kwa mita ya kawaida ya umeme. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwashwa, isome kati ya 13.5 na 14.7. Ikibaki 12 na kushuka, haichajiwi. Ikipita 15, alternata inazidisha na inaweza kuharibu betri na vifaa vya umeme.

Fundi akitaka kupima alternata kwa kuchomoa terminali ya betri injini ikiwa imewashwa, mzuie. Njia hiyo ilivumilika kwa magari ya zamani sana yasiyo na kompyuta. Kwa gari lenye kompyuta ya injini, volti zinaweza kuruka ghafla na kuunguza kifaa ambacho bei yake itakufanya ukae chini.

Breki

Taa nyekundu ya breki ikiwaka, hakikisha hendibreki imeshuka kabisa. Kama imeshuka na taa haizimiki, angalia kichupa cha mafuta ya breki. Kiwango hushuka taratibu kadiri pedi zinavyolika, kwa hiyo kuongeza mafuta na kusahau ni kuficha ujumbe, kagua pedi kwanza. Kikishuka haraka kuna mahali kunavuja, na gari hilo halitakiwi kutembea.

Taa ya njano ya ABS peke yake ni jambo jingine. Breki za kawaida zinafanya kazi, ila ukikanyaga kwa nguvu kwenye utelezi tairi zinaweza kujifunga. Mara nyingi ni sensa ya kwenye tairi iliyojaa tope au waya wake umekatika. Zikiwaka zote mbili, ya ABS na nyekundu ya breki, usiendeshe.

Check engine: namba si jina la spea

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, siyo kwa sababu ya ubovu bali kwa sababu ya kubahatisha.

Kwanza angalia namna inavyowaka. Ikiwaka na kutulia, na gari lina nguvu zake zote, endesha kistaarabu na upange siku ya kupima. Ikikonyeza mfululizo huku gari likitetemeka na kukosa nguvu, silinda moja au zaidi haichomi mafuta. Petroli isiyochomwa inaenda kuungulia kwenye ekzosi na kuharibu masega. Punguza mwendo, usikanyage mafuta kwa nguvu, fika gereji ya karibu.

Baada ya hapo gari lisomwe kwa mashine. Chini ya usukani, kwenye magari mengi ya kuanzia miaka ya 2000, kuna soketi yenye matundu 16. Marekani ilianza kulazimisha mfumo huo, OBD2, kwa magari mapya kuanzia modeli za 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Fundi umeme anachomeka mashine na kupata namba ya hitilafu. Mwenye simu ya Android anaweza kufanya hivyo mwenyewe kwa kifaa kidogo cha bluetooth kiitwacho ELM327 na programu kama Torque au Car Scanner. Vifaa hivyo vina feki nyingi, na baadhi ya magari ya soko la Japan hayaelewani navyo, kwa hiyo usishangae kikigoma kwenye gari lako na kukubali kwa jirani.

Namba ikishapatikana, iandike au ipige picha kabla mtu hajaifuta. Hilo ni muhimu kuliko yote. Fundi anayefuta kwanza na kuuliza baadaye amefuta ushahidi.

Na namba haikwambii spea ya kununua. Inakwambia mfumo gani umelalamika. Chukua P0171, inayosema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Wengi wanakimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni kwa sababu ndiyo iliyotoa taarifa. Sensa hiyo inaweza kuwa nzima kabisa na inasema kweli: kuna mpira wa hewa umepasuka, sensa ya hewa inayoingia imejaa vumbi, au pampu ya mafuta imechoka. Unanunua sensa Kariakoo, taa inazimika siku mbili kwa sababu kumbukumbu imefutwa, halafu inarudi. Kwa lugha ya mtaani, umepigwa.

P0301 hadi P0304 zinataja silinda isiyochoma. Kwenye injini ya 1NZ kila silinda ina koili yake, na hapo kuna jaribio lisilogharimu hata senti. Kama namba ni P0301, chukua koili ya silinda ya kwanza, ibadilishane nafasi na ya pili, futa namba, endesha. Ikirudi P0302, koili ndiyo mbovu, nunua moja. Ikibaki P0301, koili ni nzima, angalia plagi, kisha nozeli ya mafuta, kisha mgandamizo wa silinda. Fundi anayekwambia "tubadilishe koili zote nne" kabla ya kufanya hilo anatumia mfuko wako kama mashine ya kupimia.

Kuna P0128, inayosema injini haifiki joto lake. Kwa magari ya Dar, swali la kwanza liwe: themostati ipo?

Halafu kuna P0420, ya masega. Masega ni kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi, na ndani yake kuna madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana yana wanunuzi. Wapo wenye magari walioambiwa wakiyatoa gari litakuwa jepesi na hela ya haraka watapata. Wengine yametolewa gari likiwa gereji kwa kazi nyingine, bila wao kujua. Baada ya muda taa ya injini inawaka, na mashine inasema P0420. Hakuna sensa mpya itakayoizima hiyo kihalali. Ukiacha gari kwa kazi ya ekzosi, kagua chini kabla na baada.

Ushauri maarufu wa mitandaoni wa "kaza kifuniko cha tangi la mafuta taa itazimika" umetokana na magari ya soko la Marekani, ambako sheria inataka gari lijipime lenyewe kama tangi linavujisha mvuke. Kukaza kifuniko hakugharimu kitu, ila usitegemee miujiza kwa Vitz iliyotengenezwa kwa ajili ya Japan.

Gari la zamani zaidi ya mashine

Carina Ti, Corolla na Noah za miaka ya 1990 mara nyingi hazizungumzi lugha ya OBD2, hata kama zina soketi inayofanana. Mafundi wengine wanasema "hili halipimiki". Linapimika. Toyota za wakati huo nyingi zina kisanduku chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Swichi ikiwa imewashwa bila kuwasha injini, waya mfupi ukiunganisha tundu la TE1 na E1, taa ya injini yenyewe inaanza kukonyeza namba. Ikikonyeza haraka haraka bila kupumzika, kompyuta haina hitilafu iliyohifadhi. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika kidogo, ikakonyeza tena mara mbili, hiyo ni 22, saketi ya sensa ya joto la maji. 21 ni ya sensa ya oksijeni.

Kazi hiyo ifanywe na mtu anayeyaona vizuri maandishi kwenye kifuniko cha kisanduku. Tundu likikosewa unaweza kuunguza kitu. Lakini fundi mzee wa Toyota, ambaye hana kompyuta mpakato wala tableti, mara nyingi anaijua njia hii kwa kichwa, na usimdharau.

Mvua na kuosha injini

Masika yakianza, gereji zinapata wateja wenye hadithi moja: gari lilikuwa zima, nimepita kwenye maji, taa zikawaka kama mti wa Krismasi. Mkanda uliolowa unateleza na taa ya betri inawaka kwa muda. Sensa ya ABS ikijaa tope inalalamika. Maji yakiingia kwenye viunganishi vya waya, taa ya injini nayo inajiunga.

Nyingi ya hizo hutulia gari likikauka. Injini iliyozimika katikati ya maji ni hadithi tofauti: usijaribu kuiwasha tena. Kama maji yameingia kwenye silinda, kuwasha kunapinda koni rodi, na hapo hakuna namba ya hitilafu itakayokusaidia. Mwache fundi atoe plagi kwanza.

Sababu nyingine, ya kujitakia, ni kuosha injini kwa mashine ya presha. Maji yanakaa kwenye mashimo ya plagi, kesho yake asubuhi gari linatetemeka na taa inakonyeza. Kabla ya kununua koili, toa zilizopo, kausha mashimo kwa upepo wa kompresa, rudisha.

Taa ambayo haiwaki ndiyo ya kuogopa

Kwa anayenunua gari la mkononi, namba C au namba D, kipimo kikubwa hakihitaji mashine. Geuza ufunguo hadi ON bila kuwasha injini. Taa za oili, betri, injini, airbag na ABS, kama gari linazo, zote zinatakiwa kuwaka. Gari linajipima balbu. Washa injini, na moja baada ya nyingine zizimike ndani ya sekunde chache.

Kama taa ya injini haikuwaka kabisa kwenye ON, usifurahi. Balbu imetolewa, imezibwa kwa gundi nyeusi, au imeunganishwa kwa ujanja na taa ya oili ili zizimike pamoja. Mtu aliyehangaika kufungua dashibodi ili kuua taa alikuwa na sababu. Vilevile taa ya airbag: mifuko inaweza kuwa ilishafumuka kwenye ajali na haikurudishwa.

Muuzaji anaweza pia kufuta namba asubuhi ya siku unayokwenda kuliona gari. Hilo nalo linaonekana. Kwenye magari ya OBD2, mashine inaonyesha kama kompyuta imeshamaliza kujipima tangu ilipofutwa mara ya mwisho. Kama vipimo karibu vyote havijakamilika kwenye gari linalodaiwa kutumika kila siku, kumbukumbu imefutwa karibuni au betri imechomolewa. Omba kuliendesha kwa muda mrefu, si kuzunguka mtaa mmoja wa Kijitonyama na kurudi. Ukiwa na wasiwasi, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, kinafanya ukaguzi wa magari.

Airbag ina jambo moja ambalo taa haiwezi kukwambia. Mamilioni ya magari duniani, zikiwamo Toyota, Honda na Nissan, yaliitwa kurudishwa kwa sababu ya vifaa vya kujaza mifuko vilivyotengenezwa na Takata. Kemikali iliyomo huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, hali ambayo pwani yetu inayo mwaka mzima, na kifaa kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Gari lenye kifaa hicho halionyeshi taa yoyote. Linajulikana kwa namba ya chesisi tu, kupitia kurasa za watengenezaji za kukagua magari yaliyoitwa.

Zinazosumbua watu bure

O/D OFF, maandishi ya njano kwenye Toyota za otomatiki, si ubovu. Mtu, au mtoto, amebonyeza kitufe kilicho kwenye mkono wa gia na kuzuia gia ya juu. Bonyeza tena, itazimika. Kuna watu wameendesha miezi mitatu hivyo, gari linavuma kwa kasi na kula mafuta, wakidhani giaboksi imekufa. Ikikonyeza yenyewe bila kubonyezwa, hapo ndipo giaboksi ina la kusema.

Taa nyekundu ya ulinzi inayokonyeza gari likiwa limeegeshwa ni kawaida. Kwenye Prado na Hilux Surf za dizeli za zamani, taa ya T-BELT huwaka kila kilomita 100,000 kukumbusha mkanda wa taimingi. Kwa gari ambalo kilomita zake zimerudishwa nyuma, usiisubiri taa hiyo, ulizia historia au badilisha. Taa ya maji kwenye filta ya dizeli inataka filta imwagwe leo, kabla maji hayajafika kwenye pampu.

Cha kumwambia fundi

Andika kwenye simu: taa ipi, rangi gani, imewaka imetulia au inakonyeza, gari lilikuwa la moto au la baridi, kwenye foleni au kasi, kiyoyozi kilikuwa kimewashwa au la, na kitu gani kilifanyika karibuni, kama kujaza mafuta, kubadilisha oili au kuosha injini. Piga picha ya dashibodi. Kisha muulize fundi maswali mawili kabla hajagusa spana: umepata namba gani, na umeipima vipi hiyo spea unayosema imekufa? Spea ya zamani uiombe, uondoke nayo.

Yule wa Barabara ya Kilwa, kama alisogea pembeni pale Mtoni na kuzima, atachelewa chakula cha usiku. Kijiti cha oili kikitoka kikavu, bodaboda anaweza kutumwa sheli.